Kamera ya Kopo, Kutoka Gerezani Hadi Nungwi

Gerezani, Kariakoo, kazi huanza kwa kelele. Jua halijapanda sawasawa, mafundi bati wameshaketi chini, mkasi mkononi, wakikata madebe ya mafuta ya kula kuwa majiko, koroboi na matranka ya wanafunzi wa bweni. Nilikwenda hapo na kopo tupu la maziwa ya unga, lile la gramu 400, nikamwamkia fundi mmoja mzee na kumwomba anitengenezee kamera.

"Kamera, mwanangu?" Aliligeuza kopo, akachungulia ndani. "Na lenzi yake iko wapi?"

"Haina lenzi, mzee. Ina tundu tu."

"Basi hiyo naiweza."

Aliiweza kweli. Ubavuni mwa kopo alikata dirisha dogo la mraba, akalainisha kingo kwa tupa, kisha akatengeneza kibati cha kuteleza juu na chini kwenye vijia viwili. Hicho ndicho kifungio cha kamera: ukikiinua mwanga unaingia, ukikishusha giza linarudi. Chini ya kopo alilehemu nati ya robo inchi. Skrubu za stendi za kamera karibu zote duniani ni za kipimo hicho, na nati yake inauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kutoka hapo kopo langu liliweza kukaa juu ya stendi yoyote, iwe ya bei ghali au ya kuazima.

Tundu lenyewe nililitoboa mwenyewe nyumbani, maana ndiyo sehemu inayodai subira. Unachukua kopo la soda, unakata kipande cha alumini kinachotosha ukubwa wa stempu, unakilaza juu ya kadibodi na kukibonyeza kwa ncha ya sindano bila kuitumbukiza yote. Upande wa pili hutokea kijinundu. Unakisugua kwa msasa laini mpaka kiishe, unazungusha tena ncha ya sindano, unasugua tena. Tundu likiwa la mviringo na kingo zake hazina vinyuzi vya chuma, unalipiga picha kwa simu likiwa kando ya rula, unaikuza picha na kupima. Kwa kopo lenye upana wa sentimita 10, tundu linalofaa ni la karibu milimita 0.45. Likizidi hapo picha inafifia kwa sababu kila nukta ya mwanga inakuwa duara kubwa. Likiwa dogo mno picha inafifia vilevile, kwa kuwa mwanga ukipenya mahali pembamba sana husambaa. Ndani nililipaka kopo rangi nyeusi isiyong'aa. Kifuniko chake cha plastiki, kinachopitisha mwanga, nilikivalisha karatasi nyeusi kwa ndani na tepu ya umeme kwa nje. Kisha nikatengeneza makopo mengine ya namna hiyo.

Nieleze kwa nini nilijisumbua. Vijana wengi ninaowafahamu wanapenda picha kwa moyo wote, lakini wanasubiri. Wanasubiri kamera ya mamilioni, wanasubiri lenzi, wanasubiri mfadhili. Miaka inapita, na macho yao yanabaki bila mazoezi. Nilitaka kuchukua kifaa kilichotoka jikoni na karakana ya bati, nikipeleke Unguja, katika mji ambao wageni wameupiga picha kwa zaidi ya miaka 160, nione kitaleta nini.

Bandarini Dar es Salaam, askari wa ukaguzi aliuliza makopo yaliyofungwa tepu yana nini. Nilikuwa nimebeba moja lisilo na karatasi ya picha ndani kwa ajili ya swali hilohilo, nikamfungulia, akatazama tundu, akaniruhusu nipite. Ndani ya boti nilikaa juu, upande wa upepo, nikamfikiria mtu aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040: Ibn al-Haytham. Katika kitabu chake cha macho na mwanga, Kitab al-Manazir, alieleza jaribio la taa kadhaa zilizopangwa nje ya chumba cha giza chenye tundu. Kila taa ilitupa doa lake ukutani. Ukiizuia taa moja, doa lake peke yake linapotea. Kwa hiyo mianga ilipita tunduni bila kuchanganyikana. Aliandika pia juu ya umbo la jua lililopatwa, jinsi linavyojichora kupitia tundu dogo. Sisi Watanzania tuliona jambo hilo tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua kulipoonekana kama pete Rujewa, mkoani Mbeya. Huko, popote palipokuwa na mti wenye majani mengi, chini yake ardhi ilijaa pete ndogo ndogo za mwanga. Kila mwanya kati ya majani ulikuwa umegeuka kamera.

Nilifikia nyumba ya kulala wageni Kiponda, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Dirisha la chumba changu lilikuwa na mbao za kizamani. Nililiziba kwa kaniki, nikaacha nafasi ndogo niliyoibandika karatasi ya manila yenye tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, nikatundika shuka jeupe mbele yake. Ilichukua muda kidogo macho kuzoea giza. Kisha shuka likapata rangi. Baraza ya nyumba ya pili ilijitokeza, kichwa chini, na nguo zilizoanikwa zikipepea kuelekea juu, na mbingu ya samawati ikiwa sakafuni.

Nilimwita mwenye nyumba, mama wa makamo, akaja na mjukuu wake.

"Bibi, mbona watu wanatembea darini?" mtoto aliuliza.

"Hebu nyamaza tutazame," bibi alimjibu. Baadaye akasema, "Huyo si muuza urojo wetu huyo? Namjua kwa mwendo."

Walikaa hadi mwangaza wa nje ulipopungua. Niseme wazi kwamba hakuna darasa la fizikia nililowahi kuhudhuria lililonifundisha kama kile chumba, na gharama yake ilikuwa kipande cha karatasi. Mwalimu yeyote mwenye dirisha na kitambaa kizito anaweza kuwafanyia wanafunzi wake hivyo kesho asubuhi.

Asubuhi ya pili nilishuka Forodhani na makopo yangu. Karatasi nyeusi-na-nyeupe za kuchapia picha, ambazo nilizikata na kuzikunja ndani ya kopo nikiwa gizani, zina wepesi mdogo sana wa kupokea mwanga. Na tundu la milimita 0.45 likiwa sentimita 10 kutoka kwenye karatasi huingiza mwanga pungufu mara 190 hivi kuliko lenzi ya kawaida iliyobanwa hadi f/16. Hesabu hizo mbili ukiziunganisha unapata nusu dakika hadi dakika nzima ya kuacha kifungio wazi kwenye jua kali, na dakika nyingi kivulini. Mkono hauwezi kutulia muda huo. Nilikuwa nimeshona kifuko cha khanga kuukuu na kukijaza mchele. Ukiweka kopo juu yake kwenye ukuta wa bandari linajichimbia na halitikisiki. Kati ya vifaa vyote vya bei ndogo ninavyovijua, kifuko hicho ndicho ninachompendekezea kila mtu, hata mwenye kamera ya kisasa.

Nililielekeza kopo Beit-al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, likanusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, na sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020. Mbele yake watu walipita bila kukoma: watalii, wachukuzi, wanafunzi wenye mitandio myeupe, vijana wakielekea kujirusha majini. Nilijua hawatakuwamo. Anayetembea haachi alama kwenye karatasi inayochukua dakika nzima kukubali. Picha ya Louis Daguerre ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, ilikuwa hivyohivyo: mtaa wenye shughuli tele unaonekana mtupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akipigwa kiwi viatu vyake. Utulivu wake ndio uliomhifadhi. Mimi pia nilipata mtu mmoja, mzee aliyekuwa ameegemea mti akisikiliza redio.

Mchana nilipita barabara ya Kenyatta, mbele ya Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendeshwa na mwanawe Rohit. Ukutani mwake Unguja ya zamani inakutazama: harusi, maandamano, majahazi. Kabla ya Oza alikuwapo A. C. Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio hapa tangu karne ya 19. Na kabla yao, mwaka 1860, James Augustus Grant aliyekuwa njiani na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile alipiga picha mjini hapa. Katika zama za Grant, mpiga picha alitarajiwa kuchanganya dawa zake na kuandaa mabamba yake kwa mkono, porini au mjini. Kujitengenezea ilikuwa sehemu ya kazi. Huku pwani desturi hiyo iliendelea: Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, akaunganisha picha na picha kwenye chumba cha giza hadi uso wa mteja ukachomoza ndani ya ua waridi. Vilevile kamera iliyowafungulia watu wa kawaida mlango wa upigaji picha, Brownie ya kampuni ya Kodak ya mwaka 1900, ilikuwa boksi la kadibodi lenye lenzi moja, na iliuzwa dola 1. Kwa hiyo asikuambie mtu kuwa boksi la karatasi ni mchezo wa watoto.

Usiku mama mwenye nyumba alinipa jiko la uani. Taa yangu ya chumba cha giza ilikuwa taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, kwa kuwa karatasi hizi hazioni wekundu. Mabeseni matatu ya plastiki yalitosha. Dawa ya kwanza ilikuwa kahawa.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1995 na darasa la Scott Williams katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani: kahawa ya kuyeyuka papo hapo, ikichanganywa na soda ya kufulia, husafisha picha kama dawa ya dukani. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, ikawa na nguvu zaidi. Mimi nilitumia kahawa ya Africafé kutoka Bukoba. Kipimo kinachojulikana ni hiki: kwa lita 1 ya maji, gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu kabisa, gramu 16 za unga mtupu wa vitamini C, na gramu 40 za kahawa. Vidonge vya vitamini vinavyotoa povu uviache, vina tindikali nyingine inayoharibu mchanganyiko.

Soda ya kufulia haipatikani kila duka, lakini magadi yapo sokoni Darajani, yaleyale ya kulainishia maharage. Magadi ya asili ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Ukiyasaga na kuyakaanga kwenye sufuria kavu hadi yaache kutoa mvuke, baikaboneti inageuka kaboneti, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kiwanda cha Ziwa Magadi kule Kenya hufuata kanuni hiyohiyo kwa tanuri. Vaa glavu, maana kaboneti hung'ata ngozi, na sufuria utakayotumia isirudi kupikia chakula. Mama alinipa kuukuu na kuniambia niende nayo.

Mchanganyiko wenyewe unanuka vibaya. Mama alifungua mlango, akauliza kama kuna kitu kinaungua, akatazama kwenye beseni na kuona karatasi nyeupe ikiota kivuli. Alibaki amesimama. Kwanza ziliingia nguzo, kisha mbingu, nyeusi tii, kwa sababu kwenye karatasi hii kila chenye mwanga huwa cheusi. Beseni la pili maji matupu, la tatu dawa iitwayo hypo, ile chumvi ambayo John Herschel alionyesha mwaka 1819 kuwa huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 ikaanza kutumika kuzifanya picha zidumu. Huuzwa kwenye maduka ya kemikali za maabara. Wapo wanaotumia maji ya chumvi kali ya jikoni badala yake. Mimi sishauri kwa picha unayotaka wajukuu waione. Baada ya kuosha na kukausha, niliipiga karatasi ile kwa simu na kugeuza rangi zake, nyeusi kuwa nyeupe. Beit-al-Ajaib likasimama na jeraha lake, mistari yake ya kulala ikiwa imepinda kidogo kwa sababu karatasi ilikaa kwa kujikunja, na bahari ya mbele ikiwa laini kama maziwa.

Kesho yake nilipanda daladala ya Nungwi. Kopo halipigi sura ya mtu vizuri, nami nilitaka sura. Kwa hiyo nilikuwa na kamera ya pili mkobani: maboksi mawili ya plaiwudi, moja linaingia ndani ya lingine na kuteleza, na mbele kabisa kioo kimoja cha miwani ya kusomea. Miwani hiyo ilikuwa ya namba 4, ya mezani pale Darajani. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 100 kwa namba ya miwani, unapata umbali wa kulenga kwa sentimita. Namba 4 ni sentimita 25. Nyuma unaweka karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, unasogeza boksi hadi sura ikae sawa, kisha unaweka karatasi ya picha mahali pake. Kioo cha miwani huharibu kingo za picha, ila tatizo hilo lilishapatiwa dawa mwaka 1812 na Mwingereza William Hyde Wollaston: weka kizuizi chenye tundu dogo karibu na kioo. Changu kilikuwa duara la kadibodi nyeusi lenye tundu la milimita 8.

Ufukweni Nungwi majahazi hujengwa wazi, chini ya makuti. Fundi mmoja alikuwa akipiga kalafati, akisukumia pamba iliyochovya mafuta kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo ya mbao. Nilimsalimu, nikamweleza nia yangu, akataka kwanza kuliona boksi. Aliliinua juu akalitazama kwa ndani likiwa limeelekezwa kwenye jua.

"Linavuja hapa, yakhe," alisema, akigusa pembe ambapo maboksi mawili yanakutana. "Maji yangelizamisha."

Mwanga nao ulikuwa unapenya hapohapo, uzi mwembamba. Alichukua nyuzi za pamba kavu, akazipaka masizi ya chungu chake, akazipanga kwenye ule mwanya kwa ncha ya kisu, kwa haraka ya mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utotoni. Baada ya hapo boksi liliteleza vizuri zaidi na uzi wa mwanga ukatoweka. Sijaona mahali popote, kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine, ushauri bora wa kuziba kamera ya mbao.

Karatasi hizi zina tabia ambayo mpiga picha wa kwetu lazima aijue. Zinaona samawati, wekundu haziuoni, na ngozi nyeusi ina wekundu mwingi. Hivyo sura ya mtu hutoka nyeusi kuliko ilivyo, na macho na meno yanabaki peke yake. Dawa yake si kuongeza muda tu, maana utaunguza mbingu. Dawa ni kurudisha mwanga usoni kutoka upande wa kivuli. Kijana muuza samaki alituazima kifuniko cha boksi lake la barafu, ile stairofomu ngumu nyeupe inayovunjikavunjika, akakishika chini kidogo ya kidevu cha fundi, upande wa bahari. Mashavu yakafunguka. Ubao huo mweupe hurudisha mwanga laini kuliko karatasi ya alumini, ambayo humfanya mtu akunje uso.

Kwa tundu la milimita 8 na jua la saa nne, nilihitaji kama sekunde moja. Nilifunika kioo kwa kofia yangu ya kiua, nikamwomba fundi aegemee jahazi ili kichwa kitulie, nikaitoa kofia na kuirudisha. Wenzake waliacha nyundo. Usiku ule, kwenye beseni la kahawa, alijitokeza kwanza mkono ulioshika patasi, kisha mistari ya mbao, kisha uso, macho yakitazama moja kwa moja. Pembeni picha inayeyuka, na katikati unaweza kuhesabu nyuzi za pamba kwenye vidole vyake. Nilichapa nakala kwa kubana karatasi ile na nyingine mpya chini ya kioo cha dirisha na kuimulika kidogo, nikampelekea. Aliitazama muda mrefu, akaipigilia misumari miwili kwenye nguzo ya banda, chini ya makuti.

Kopo, sindano, miwani, magadi, kahawa na mchele vyote vinapatikana Kariakoo na Darajani. Kigumu kupata ni karatasi ya picha, kwa kuwa studio zilizokuwa zikiitumia zimehamia kwenye kompyuta na waagizaji wameacha kuileta. Lakini katika studio za zamani za Tanga, Mombasa, Mwanza, Bujumbura na kwingineko huenda bado kuna maboksi ya karatasi ya nyeusi-na-nyeupe juu ya makabati, yakingoja siku ya kutupwa. Karatasi iliyopitwa na wakati hupata ukungu kidogo, lakini hupokea picha. Ukilikuta boksi la namna hiyo kwa babu au kwa mwenye studio mtaani kwako, usilifungue kwenye mwanga na usikubali litupwe. Mpelekee kijana anayesubiri kamera, au shule iliyo karibu nawe, pamoja na kopo tupu.